Walimlilia Mwanamke wa Filamu, Mke Wangu Wakamfungia Mlango

Mimi ni mwanamme wa miaka arobaini na tatu, nimefiwa na mke na sina mtoto. Naishi Azaiba, hapa Maskati, katika fleti ndogo juu ya duka la kushonea abaya. Kazi yangu ni ya ghalani, huko Rusayl, katika kiwanda cha maboksi. Shule sikwenda mbali, na hiyo niliyokwenda ilikuwa ya Kiarabu. Kiswahili changu ni cha nyumbani, cha mama yangu aliyezaliwa Unguja akaletwa huku bado msichana. Basi mkiona nimeandika vibaya, nivumilieni. Si uandishi ulionileta hapa. Ni uchungu...

Wasomaji wenzangu, nitaanza na filamu. Mtaona kwa nini.

Nyumbani kwa mama yangu, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, huwekwa filamu ya Kihindi. Ndiyo desturi yetu tangu nikiwa mdogo. Mama hawezi kusoma yale maandishi ya Kiarabu yanayopita chini, lakini Kihindi cha filamu anakifahamu tangu siku za sinema za Unguja, na anatutafsiria sisi sote hata kama hatukumuuliza. Dada yangu Moza, aliyenipita kwa kuzaliwa, huja na binti zake. Chai ya maziwa, visheti, na boksi la karatasi za kufutia machozi.

Ijumaa moja ilikuwa filamu ya msichana mwenye mabaka meupe ya ngozi. Wazee wake walimficha kwa nguo za mikono mirefu tangu utotoni. Siku ya harusi, mbele ya wakwe na wageni, alivua bangili moja moja, akapandisha mikono ya nguo, akasema: nitazameni kwanza, kisha mseme kama mnanitaka. Wakwe wakaondoka. Mtaa mzima ukamtenga. Yeye akafungua kazi yake ya ushoni, akaishi kichwa juu.

Mama alilia mpaka mtandio ukarowa! "Mijitu haina imani!" akasema. "Maradhi kayataka yeye? Kaenda kuyanunua dukani?"

Moza naye akapenga kamasi. "Yule mama mkwe, Mungu amlipe," akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao. Nilikuwa na jambo moyoni, na siku ile nilijiambia kwamba nimepata pa kuanzia.

Jambo lenyewe lilikuwa Zuweina.

Zuweina alikuwa akiuza udi na manukato kwenye duka moja barabara kuu ya Azaiba. Wazee wake ni Waomani waliotoka bara, upande wa Tabora. Alikuwa mwembamba, macho yake yana umanjano kidogo, na ulimi wake haujui kupinda. Nilinunua udi ambao sikuuhitaji mpaka kabati langu likajaa. Siku nilipomwambia nataka kumtuma mama yangu kwao, aliweka chupa chini, akanitazama.

"Kabla hujamtuma, jua mimi nna sikoseli. Damu yangu ina maradhi. Nikishikwa na maumivu, nalia kama mtoto. Kama utakimbia, kimbia leo, usiningojee nikuzoee."

Sikukimbia. Nilizidi kumpenda! Nani mwingine aliyepata kuniambia ukweli wake wote namna ile, amesimama, katikati ya duka?

Wanaoishi huku wanaujua ugonjwa huu. Umo katika familia nyingi, na familia nyingi zinauficha. Mtu akishikwa na maumivu watasema ni baridi ya mifupa. Akilazwa watasema ni homa. Wanaficha kwa sababu ya ndoa. Ikijulikana nyumba fulani ina damu hiyo, mabinti wa nyumba ile hawaposwi tena, hata wale wazima.

Mama na Moza walikwenda kwa Zuweina. Mimi nilikuwa nje, ndani ya gari. Niliyasikia baadaye. Zuweina alileta kahawa na halwa mwenyewe, akawamiminia, kisha badala ya kuondoka kama wafanyavyo wasichana wanaotazamwa, akakaa. Akasema, "Mama, nimeshamwambia mwanao Nassor, na nyinyi nakwambieni kwa mdomo wangu, msije mkasikia kwa watu."

Mama hakumaliza kikombe.

Njiani akaanza. "Damu mbovu ile, Nassor. Damu mbovu! Na hana hata haya, analitamka kama anataja jina lake."

Nikamwambia, "Mama, juzi tu ulimlilia yule msichana wa filamu kwa jambo hilohilo."

Sitasahau alivyonijibu. Hakunijibu kwa hasira. Alinijibu kama mtu anayemfahamisha mtoto.

"Filamu inazimwa, mwanangu. Huyu unataka kunletea ndani."

Nilikwenda kupima damu yangu. Ilikuwa safi. Daktari akanieleza kwamba watoto wetu wote wangebeba alama ya ugonjwa, lakini wasingeumwa. Nilirudi kwa mama na maneno hayo. Haikusaidia kitu. Moza alisema madaktari hawaozi mabinti.

Nilishikilia. Sikuoa mwingine, na kila msichana aliyetajwa nilimkataa. Mwishowe mama alikubali, kwa sharti moja: ugonjwa wa Zuweina usitajwe mbele ya mtu yeyote. Moza alikuwa na mabinti watatu wa kuolewa, na mkubwa wao, Asya, ameshaanza kuulizwa.

Nilikubali lile sharti. Hata nilifurahi! Niliona nimeshinda.

Nilipomweleza Zuweina, aliniuliza, "Umekubali kwa mdomo wa nani? Wangu au wako?"

Akasema hatatangaza katika nyumba ya mama yangu, lakini mtu akimuuliza hatasema uongo. Basi tukaoana.

Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Tulikuwa na chupa za maji kila pembe ya nyumba, kwa sababu asipokunywa maji damu humsumbua. Alishikwa na maumivu mara kwa mara. Nilijifunza kumkanda, na nilijifunza pia wakati wa kuacha kumkanda na kuwasha gari. Akitoka hospitali alikuwa akicheka. "Nimerudi," angesema mlangoni, "nani kala mkate wangu?"

Huko hospitali, katika kungoja, aliwaona wasichana wanaokuja wamejifunika uso wasitambuliwe. Jambo hilo lilimchoma. Siku moja alijirekodi kwenye simu, uso wazi, akasema kwa Kiswahili na kwa Kiarabu: mimi ni Zuweina, nna sikoseli, nimeolewa, nafanya kazi, na sikumwibia mtu kitu. Pimeni kabla ya kuoana, na mgonjwa msimfiche chumbani.

Ile rekodi ilizunguka nchi nzima! Ikafika kwa shangazi, kwa majirani, kwa watu wa Unguja. Wasichana wasiojulikana walimpigia simu wakilia, wakimshukuru.

Moza alimtoa katika grupu la familia siku ileile. Alinipigia simu akapiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. "Mwambie mkeo kama kataka kuwa mcheza filamu aende Bombay! Hapa kuna watoto wa watu wanataka kuolewa!"

Katika shughuli za arusi wanawake walianza kumpisha kwenye busati, kama vile damu inaambukiza kwa kukaa karibu. Kuna jamaa yetu alimpokonya mtoto mchanga mikononi. Zuweina alinieleza huku akikunja nguo, bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.

Kisha, baada ya miaka ya kungoja, akapata mimba.

Madaktari walimfuata kwa makini. Walituambia wazi: maumivu yakianza, au pumzi ikibana, usingoje, njoo. Tuliyashika maneno hayo. Hata mama alilainika. Alianza kuleta supu na maziwa, akawa anamuuliza, "Umekunywa maji leo?" Nilidhani Mungu ametufungulia.

Wakati huo Asya akaposwa. Mchumba alikuwa kijana mzuri, wa familia kubwa. Siku ya malka, yaani kufungwa akdi, ikapangwa nyumbani kwa Moza, Madinat Sultan Qaboos, kwenye jumba lao lenye bustani. Moza akampigia simu Zuweina mwenyewe.

"Njoo, mke wa ndugu yangu," akamwambia. "Njoo mapema unisaidie, tuyamalize ya nyuma."

Zuweina alifurahi kama mtoto! Alivaa abaya ya kijani, akachukua udi ule mzuri ampelekee bibi arusi. Nilimshusha asubuhi nikaenda kazini. Alinipungia mkono pale getini, akaingia.

Laiti ningegeuza gari...

Mchana, tukishusha mzigo, simu yangu ililia. Ni yeye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nassor, njoo unichukue. Kifua kinauma. Njoo sasa."

Nikamwambia nakuja. Na hapa ndipo nilipokosea, wasomaji wenzangu, kosa ambalo litanizeesha. Sikuondoka pale pale. Nilimpigia kwanza dada yangu, kumuuliza hali ikoje.

Sauti yake ilikuwa tamu. Nyuma yake nilisikia vigelegele na sahani. "Ah, uchovu wa mimba tu, yakhe. Kasimama sana. Nimempa panadoli, nimemlaza chumba chenye baridi, keshalala. Umalize kazi yako uje kwa utulivu. Usije hapa na manguo yako ya ghala, wakwe wameshafika."

Ni dada yangu. Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Kwa nini nisimwamini?

Nilimpigia Zuweina, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikasema kweli kalala. Nikaendelea na mzigo.

Moyo haukutulia. Kazi ilipokwisha niliendesha kama mwendawazimu. Nilipofika, akdi imeshafungwa. Wanaume wamejaa majlisi, wanapongezana. Niliingia upande wa wanawake nikibisha hodi, wakajifunika kwa haraka. Niliuliza, Zuweina yuko wapi? Mmoja akaniambia kwamba Moza amesema ameondoka tangu mchana.

Ameondoka na nani? Gari ninalo mimi!

Mtumishi wa nyumba alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alinionyesha kwa kidevu, chumba cha nyuma, cha kupigia pasi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo haupo. Niliuvunja kwa bega.

Mke wangu alikuwa chini, juu ya mablanketi yaliyokunjwa. Midomo imekauka. Hakukuwa na hata gilasi ya maji mle ndani! Alikuwa akivuta pumzi vipande vipande. Alinitazama.

"Nilikwita," akasema.

Nilimbeba. Moza akatokea kwenye ukumbi na nguo zake za dhahabu, akanizuia kwa mikono miwili. Hakumtazama Zuweina hata kidogo. Aligeuka kuwatazama wageni.

"Pitia nyuma, Nassor! Mlango wa nyuma! Nakuomba, wakwe wako mbele..."

Nilipita mbele.

Nilipita katikati ya wanawake wote wale, mke wangu mikononi, mkono wake ukining'inia. Muziki ulizimwa. Katika filamu mwanamke angeinua uso pale, akasema maneno ya kuwatoa watu machozi. Mke wangu hakuwa na pumzi ya neno moja. Na hakuna aliyelia. Walikusanya nguo zao tupate kupita.

Hospitali walipambana sana, siwezi kuwalaumu. Mtoto alitangulia. Alikuwa wa kike. Zuweina akamfuata kabla ya siku kwisha. Daktari mmoja kijana alinishika bega, akasema kwa upole, "Mngemleta mchana..." Nadhani aliuona uso wangu.

Tulimzika na mwanawe.

Na katika matanga, mnajua mama alikuwa akiwaambia watu nini? Presha ya mimba! Hata katika kifo walimficha. Mwanamke aliyejitangaza kwa uso wazi mbele ya nchi nzima, wakamzika na jina la ugonjwa usiokuwa wake!

Aliyewanyamazisha ni Asya.

Sikuwapo, maana wanaume tulikuwa msikitini. Shangazi yangu ndiye aliyenisimulia. Asya aliingia, hina ya malka ingali nyeusi mikononi, akasimama mbele ya bibi yake na mama yake, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. Akasema khaloo Zuweina, ndivyo alivyomwita mke wa mjomba wake, amekufa kwa sikoseli, na kwa kufungiwa. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wa mama yake, na simu ya marehemu pia. Yeye mwenyewe, akiwa amekaa anangoja kuitwa kwa bwana, alisikia ukuta ukigongwa. Alimuuliza mama yake, akaambiwa ni mafundi wa kiyoyozi. "Nikakubali," akasema, "kwa sababu ilikuwa siku yangu."

Moza alimpiga kofi mbele ya watu. Asya hakuondoka.

Kisha yule mtoto akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyemtuma. Alikwenda akapima damu. Naye akakutwa amebeba alama ya ugonjwa! Si kutoka kwa Zuweina, maana Zuweina hakuwa damu yao. Mama yake alipopimwa alikutwa nayo, na mama yangu vilevile. Damu ile waliyoiita mbovu ilikuwamo ndani ya nyumba yetu tangu Unguja, imekaa kimya, inakula visheti na sisi kila Ijumaa.

Asya alimwita yule kijana aliyefungishwa naye akdi na kumwambia mwenyewe. Kijana akapima. Naye anayo, na watoto wa wawili wenye alama huweza kuzaliwa wagonjwa. Wakalia pamoja, wakaachana kwa wema kabla Asya hajapelekwa kwake. Zuweina alikwishawaambia wote kwenye ile rekodi: pimeni kabla. Ni wangapi waliotaka kumsikiliza?

Siku moja Moza alikuja kwangu hapa Azaiba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Amekonda. Nilidhani amekuja kuniomba radhi, na nasema kweli, sikujua kama ningeweza kumpa. Nilimkaribisha akae, nikampa maji.

"Asya anakusikiliza wewe," akasema. "Mwambie watu wakimuuliza aseme hawakuelewana tu na yule kijana. Nna mabinti wawili bado, Nassor. Unawataka wabaki nyumbani?"

Nilimuuliza, "Moza, alipokuwa anagonga ukuta, ulisikia?"

Aliiweka gilasi ya maji chini. Kisha akasema, "Nilidhani atanyamaza akichoka."

Niliinuka nikamfungulia mlango. Sikumtukana. Sina zaidi ya hilo la kuwaambia kuhusu dada yangu.

Kwa mama ninakwenda. Ni mama yangu. Nambusu mkono, namuuliza hali, nampelekea dawa zake, naondoka kabla ya chakula. Hajanitamkia neno juu ya siku ile. Wala mimi sijamsukuma. Amekuwa mzee ghafla, na mara nyingine ninamkuta ameshika simu anatazama picha ya Zuweina. Sijui anafikiri nini. Sitawaambia uongo kwamba najua.

Najua mkasa kama huu wengi wanataka uishie kwa msamaha. Mimi huo msamaha sinao bado. Namuomba Mungu aniondolee chuki, na kuna siku inapungua, na kuna siku ninapita ile barabara ya kwa dada yangu nikalazimika kusimamisha gari pembeni...

Wenzangu mnaosoma, hasa vijana mnaotaka kuoa. Nendeni mkapime nyote wawili, kabla ya posa, kabla ya mapenzi hayajawafumba macho. Mkiwa na mgonjwa nyumbani, mtajeni kwa jina la maradhi yake, asije akafa kwa ajili ya heshima ya watu walio wazima.

Na kama ndugu zako wamemkubali mkeo kwa sharti la kufichwa, fahamu kwamba hawajamkubali. Mimi nililipokea sharti lile kama zawadi. Nikamwacha mke wangu katika nyumba ya watu waliokuwa wakimwonea haya, nikadhani kwa kuwa ni watu wangu, watakuwa watu wake.

La mwisho, na ndilo ninaloamka nalo kila asubuhi. Mkeo akikupigia simu akakwambia anaumwa, njoo, usimpigie dada yako. Usimpigie mama yako. Usiulize mtu mwingine kama ni kweli.

Acha ulichoshika, uende.